Sawa ya Mpira

Siku tulipomzika kaka yangu, mchungaji alimaliza habari zake zote kabla jua halijatuchoma. Alisema marehemu alizaliwa, akasoma, akafanya kazi katika kiwanda cha nguo miaka thelathini na mmoja, akaugua, akalala. Yote ni kweli. Lakini nilipokuwa nimesimama pale na leso mkononi niliona kwamba hakuna aliyeitaja kazi yenyewe, na bila kazi yenyewe kaka yangu ni tarehe mbili tu kwenye msalaba. Ndiyo maana naandika.

Alikuwa fundi wa vipimo. Kiwandani walimwita Pimamaji, kwa jina la kile chombo cha waashi chenye kichupa cha maji na povu ndani yake, kwa sababu hakuyaamini macho ya mtu yeyote, hata yake. Jina lilimfuata mpaka nyumbani. Akija kwangu kula, kabla ya kuketi huinama akachungulia meza.

"Mdogo wangu, meza yako inaelekea mlangoni. Mchuzi utatoroka."

Kisha hukunja kipande cha gazeti mara nne, akakisukuma chini ya mguu wa meza, akaweka glasi ya maji juu na kuitazama. Hapo ndipo alipokubali sala ya chakula ianze.

Nilisoma mpaka kidato cha nne, na fizikia niliipita kwa rehema za Mungu. Lakini kazi ya kaka naielewa, maana alinieleza kwa vikombe vyangu mara nyingi kuliko nilivyotaka. Mvuke hutoka kwenye boila ukapita ndani ya bomba nene kwenda kwenye mapipa ya kutia vitambaa rangi. Ili kujua unapita kiasi gani, ndani ya bomba huwekwa bamba lenye tundu katikati. Mvuke ukifika pale hubanwa, kama watu wanaotoka kanisani kwa mlango mmoja: walio ndani wanasukumana, waliokwisha kutoka wanapumua. Kifaa kinachopima tofauti kati ya wanaosukumana na wanaopumua wanakiita transmita. Tofauti ikiwa kubwa, mvuke unaopita ni mwingi.

Lakini transmita ina kiwambo chembamba kama ganda la kitunguu, na mvuke ukikigusa umekiua. Kwa hiyo hufungwa chini ya bomba, ikaunganishwa kwa vibomba viwili vyembamba ambavyo mafundi huviita miguu, na miguu hiyo hujazwa maji kabla mvuke haujafunguliwa. Juu ya kila mguu kuna chungu kidogo cha chuma, ambamo mvuke hupoa ukawa maji ili mguu usikauke. Mvuke husukuma maji, na maji husukuma kiwambo.

"Mvuke ni mgeni mwenye hasira," kaka alikuwa akisema. "Usimpokee mikono mitupu. Mpe maji kwanza."

Na vile vyungu viwili ni lazima viwe kwenye kimo kimoja. Kimoja kikikaa chini ya mwenzake, maji ya mguu mmoja yanakuwa marefu kuliko ya mguu wa pili, na ule uzito uliozidi transmita huuhesabu kuwa ni mvuke. Itasoma mvuke hata bomba likiwa limelala. Kaka alikuwa na mpira mrefu unaoonyesha ndani, kama ule wa waashi. Aliujaza maji, akashika ncha moja kwenye chungu hiki na ncha ya pili kwenye chungu kile, akatazama maji yamesimama wapi. "Maji hayana mjomba," alisema. "Hayampendelei mtu." Na mtu akimwambia vyungu viko sawa, yeye huuliza tena: "Sawa ya mpira au sawa ya mdomo?"

Swali hilo lilikuwa utani wa kiwanda kizima. Mume wangu, ambaye ndiye mtu wa boila pale, yaani ndiye aliyekuwa, lilimkuta hata nyumbani kwetu siku ya kwanza aliyokuja kunichumbia. Mama aliuliza kama chai ina sukari ya kutosha, naye akajibu iko sawa. Kaka akadakia kutoka kwenye kochi, "Ya mpira au ya mdomo, shemeji?" Chai haikuwa na sukari hata chembe. Mama alikuwa amesahau, na mwanamume wa watu akanywa vikombe viwili.

Mwaka jana moyo wa kaka ulianza kuchoka. Mkewe alishatangulia mbele za haki, na binti yake ameolewa mbali, kwa hiyo tulimpa chumba chetu cha uani. Daktari alimkataza chumvi na kupanda ngazi. Miguu yake ilivimba mpaka ukiibonyeza, alama ya kidole inabaki kama kwenye unga uliokandwa. Mguu wa kushoto ulivimba kuliko wa kulia, na jambo hilo lilimuudhi kuliko ugonjwa wenyewe.

"Shemeji, umekuwa transmita," mume wangu alimwambia.

"Transmita mbovu. Miguu imejazwa maji lakini haiko sawa. Wakinifungulia mvuke sasa hivi nitasoma uongo."

Walicheka mpaka kaka akakosa pumzi, na mimi nikamfokea mume wangu. Kila asubuhi nilimpelekea uji nikamuuliza, "Uko sawa, kaka?" Naye akajibu, "Niko sawa." Nami nikarudi jikoni.

Kiwanda hakikuweza kumsubiri apone. Transmita ya zamani ilikuwa imekufa, wakanunua mpya, na kwa kuwa Pimamaji alikuwa kitandani wakamwita fundi wa nje aje kuifunga. Mtu mzima, mpole, mwenye sauti ya chini. Alikuwa na adabu ya kumpigia kaka simu siku ya kazi. Mikono ya kaka ilikuwa ikitetemeka, kwa hiyo mimi ndiye niliyeishika ile simu sikioni mwake, na kila neno nililisikia.

"Transmita iko chini ya bomba?"

"Chini kabisa, mzee."

"Maji umejaza?"

"Miguu yote miwili, mpaka juu."

"Vyungu viko sawa?"

"Viko sawa, mzee wangu. Ugua pole."

Kaka alifungua kinywa. Najua alichotaka kuuliza. Lakini kikohozi kilimshika, kikamkunja, na yule fundi akaombea afya yake kisha akakata. Simu ilikuwa mkononi mwangu. Swali nilikuwa nalijua tangu kabla sijaolewa. Niliiweka simu mezani, nikamletea maji ya kunywa.

Wiki ya nne baada ya hapo mume wangu alirudi na barua. Meneja aliandika kwamba kila Jumapili, wakati boila inawekwa moto mdogo tu na mapipa yote ya rangi yamesimama, kipimo kipya kinaonyesha mvuke unapita, tena sehemu moja ya tano ya uwezo wake wote. Maana yake mtu wa boila hafungi valvu kuu anapoondoka Jumamosi. Miaka kumi na tisa, na barua ikamwita mzembe. Alitakiwa kujieleza Ijumaa.

"Nimeifunga kwa mikono yangu hii," alisema, akainyoosha kama anaomba sabuni. "Kila Jumamosi."

Kaka alikuwa ameegemea mito. "Wakifungua valvu ya katikati pale chini kwenye transmita, inasoma nini?"

"Sifuri. Ndiyo maana wanasema kipimo ni kizima."

"Hiyo valvu inapatanisha pande mbili hapo chini tu. Ugomvi uko juu." Aliomba kalamu. Aliandika namba nyuma ya karatasi ya matangazo ya kanisa, akakata, akaandika tena, kisha akapigia mstari ile ya mwisho. "Vyungu haviko sawa. Kimoja kimekaa chini ya mwenzake kwa kiganja kimoja. Shemeji, hakuna mvuke. Ni maji yale."

"Umejuaje, hata hujapaona?"

"Sehemu moja ya tano imeniambia."

Jumatano nilikwenda mimi, kwa sababu mume wangu alikatazwa kusogelea kile kipimo mpaka kikao. Nilibeba ule mpira umeviringishwa begani, na ile karatasi ya matangazo ndani ya Biblia yangu. Mlinzi wa getini alinitazama juu mpaka chini.

"Mama, umekuja kumwagilia bustani? Sisi bustani hatuna."

"Nimetumwa na Pimamaji."

Uso wake ulibadilika, akavua kofia. "Anaendeleaje mzee?" Akaniruhusu nikae kwenye benchi. Nilikaa saa mbili na nusu. Meneja alipotoka kwenda kwenye gari lake nilisimama mbele yake, nikampa karatasi. Aliisoma upande wa matangazo. Nikaigeuza, nikamwambia ni hesabu za kaka yangu Pimamaji, kwamba vyungu haviko sawa.

"Mama, huyu ni mgonjwa, yuko nyumbani. Fundi niliyemlipa alifunga, akapima, akaandika kwamba kila kitu kiko sawa."

"Ndiyo, bosi, lakini hiyo ilikuwa sawa ya kwamba hakuna tatizo. Kaka aliuliza sawa ya kimo. Kwamba vyungu vilingane."

"Sawa ni sawa, mama."

"Siyo, bosi, kuna..."

"Nenda kamuuguze kaka yako. Mumeo atasikilizwa Ijumaa."

Gari lilitoka. Nilibaki nimeushika mpira ule, na njia nzima ya kurudi nilikuwa nayapanga maneno ambayo ningeyasema. Yalikuwa mazuri sana, na hayakuwa na mtu wa kuambiwa.

Alhamisi asubuhi nilimkuta kaka amevaa ovaroli. Viatu vilikataa kuingia, akawa amevaa kandambili za mume wangu. Alisema anakwenda kazini. Nilimwambia haendi. Akasema, "Mdogo wangu, ni kazi ya dakika kumi. Nikiushika mpira mbele ya macho yake, yamekwisha." Chumba kile kina vidato vitatu vya kushukia uani. Alishuka kimoja, akashuka cha pili, akaketi hapo hapo. Kifua kilikuwa kinapanda na kushuka kama cha mtoto aliyelia sana. Nilimshika mabega, nikamwomba Mungu kwa sauti, sikujali majirani.

Alipopata pumzi alisema, "Ngazi ya kule ina vidato kumi na vinne."

Tulikaa pale kwenye kidato cha pili mpaka kivuli cha ukuta kikatufikia, kisha jirani akanisaidia kumrudisha ndani. Daktari alikuja saa kumi, akamsikiliza mgongoni, akaniita nje. Alisema tukimpeleka hospitali watamfanyia yaleyale anayofanyiwa hapa, ila atakuwa mbali na watu wake.

Jioni hiyo kaka alimfundisha mume wangu kuutumia mpira. Ninawaona bado: mmoja amelala, mwingine amesimama juu ya kiti ameshika ncha moja kwenye kitasa cha dirisha.

"Jaza taratibu. Povu moja likikaa ndani litakudanganya."

"Nimeona, shemeji."

"Hujaona. Liko hapo kwenye mkunjo. Ligongegonge."

"Unaliona kutoka huko?"

"Nalisikia."

Ijumaa mume wangu aliingia kiwandani kabla ya kikao na kumwomba mwenzake wa chumba cha rangi apande naye awe shahidi. Mwenzake alisema ana watoto. Mwingine alisema ana presha. Basi akapanda peke yake vile vidato kumi na vinne, akafunga ncha moja ya mpira kwa waya, akashika ya pili. Anasema maji yaliyumba, yakatulia, na akaona. Chungu cha pili kilikuwa chini ya mwenzake kwa kiganja kimoja kasoro kidole. Anasema alitaka kulia kwa furaha.

"Wewe! Shuka hapo!"

Meneja alikuwa chini, na wawili wa ofisini nyuma yake.

"Panda utazame, bosi! Panda uone maji mwenyewe!"

"Nimesema shuka."

Meneja alikuwa na viatu vya ofisini, na ngazi ina grisi. Mume wangu alijaribu kuushusha mpira bila kuumwaga ili auonyeshe huku chini. Ncha iliyofungwa kwa waya ikachomoka. Maji yote yakamwagika juu ya viatu vile. Hapo hapo kikao kikawa kimekwisha, maana sasa palikuwa na kosa ambalo kila mtu aliliona kwa macho: mtu anayetuhumiwa amekutwa anachezea kipimo. Barua ya pili, ya kumwachisha kazi, aliipata saa nne asubuhi, na getini yule mlinzi akashindwa kumtazama usoni.

Nilimwona anaingia uani na mpira mtupu shingoni. Alinieleza kwa kunong'ona karibu na karo la kufulia. Nikamwambia, "Usimwambie." Mimi ndiye niliyesema. Mama wa kwaya, ninayefundisha watoto wa Jumapili ile amri ya kutosema uongo.

Tuliingia. Kaka hakuweza tena kuinua kichwa, lakini macho yalikuwa mlangoni.

"Shemeji. Vyungu?"

"Havikuwa sawa. Kama ulivyosema. Kiganja kimoja kasoro kidole."

"Kasoro kidole!" Alitabasamu, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu wiki ile ianze. "Nimezeeka. Nimekosea kidole kizima." Akapumua mara kadhaa. "Na sasa?"

Mume wangu alinitazama. Nikatikisa kichwa kukubali.

"Sasa viko sawa."

Nilijua swali linakuja, na nikaomba moyoni lisije.

"Sawa ya mpira, au sawa ya mdomo?"

"Ya mpira, shemeji."

Kaka alifumba macho. "Basi Jumapili itasoma sifuri," alisema. "Wataona wenyewe."

Mume wangu alitoka nje, nikamsikia anafungua bomba la uani na kuliacha litiririke. Nilikaa kitandani, nikaichukua miguu yake mizito nikaiweka mapajani mwangu, ule wa kushoto na ule wa kulia. Nilimuuliza kwa mazoea tu, kama kila asubuhi, "Uko sawa, kaka?"

Nilidhani amelala.

"Ya mdomo," alisema.

Alituacha Jumamosi, kabla ya adhuhuri. Miezi yote ile aliponijibu kwamba yuko sawa mimi nilirudi jikoni, na siku nilipopewa jibu la kweli sikuwa na la kumfanyia ila kuendelea kuishika miguu ile.

Yule fundi wa nje alikuja mazishini. Aliposikia habari yote alinifuata kando. "Nilipima kwa macho, mama. Palikuwa na kuta mbili pale, kila chungu nikakipimia kwa kilele cha ukuta wake, nikadhani kuta zinalingana. Aliponiuliza kama viko sawa, nilidhani ananiuliza kama nimemaliza salama." Sikuweza kumkasirikia. Aliahidi kwenda kwa meneja, na nadhani alikwenda kweli, kwa sababu baadaye alinipigia simu akasema ameambiwa faili limefungwa. Kisha akapata kazi kwingine. Mume wangu ameandika barua mbili, ya pili ameambatanisha ile karatasi yenye namba za kaka. Hatujajibiwa. Siku hizi anachomelea madirisha ya watu, kazi ikiwapo.

Mungu anachukia mizani ya uongo, hilo nimelisoma na ninaliamini. Nimemuuliza pia kuhusu uongo wangu mwenyewe, ule niliomwagiza mume wangu. Bado sijui amenijibu nini.

Kila Jumapili nikitoka ibadani napita kando ya ukuta wa kiwanda. Mtu wa boila mpya, wanasema, naye ameshaandikiwa barua. Ndani boila inanguruma taratibu, valvu kuu imefungwa, na juu kule chungu kimoja kimekaa chini ya mwenzake kwa kiganja kasoro kidole, na mvuke usiokuwapo unahesabiwa. Ningeweza kuwaonyesha mahali penyewe kwa kidole nikiwa huku nje barabarani.

Nikifika nyumbani mume wangu huniuliza kama niko sawa. Namjibu niko sawa. Mpira unaning'inia nyuma ya mlango, na hakuna hata mmoja wetu anayeuliza sawa ipi.